Kibodi ya Karatasi: Niliyojifunza Chuoni na Tunachopaswa Kudai

Mada iliyotolewa kwenye kikao cha ndani cha vijana wa chama, Mikumi, Septemba 2024. Tumeiweka kama ilivyosemwa, tumepunguza marudio tu.

 

   Katibu ameniambia nina dakika ishirini nizungumzie vijana na TEHAMA. Nikamwambia, katibu, mimi siyo mtaalamu, mimi ni fundi kompyuta mwenye steshenari ndogo pale karibu na stendi. Akasema ndiyo maana tumekuita wewe, wataalamu tumeshawasikia sana.

Basi nianze kwa kujisifu kidogo. Mimi nimesoma Ulaya. (Kicheko.) Mnacheka kwa sababu mnaijua. Ulaya yetu, ile ya njia ya kwenda Kilosa, ndiko nilikomaliza darasa la saba. Ukienda Dar ukisema umesoma Ulaya wanakupa kiti. Ukiwaambia ni Ulaya ya Kilosa wanakinyang'anya.

Baadaye tulihamia Malolo kwa bibi, mama akawa analima vitunguu. Kidato cha nne nikapata daraja la nne. Kidato cha tano hakuna. Nikakaa nyumbani mwaka mzima nachambua vitunguu. Halafu mama akasikia kuna kozi ya kompyuta chuoni, cheti, mwaka mmoja na nusu. Mama hajui kompyuta. Ila alishaona pale benki wanaokaa nyuma ya kompyuta hawapigwi jua. Akauza magunia ya vitunguu bei ilipokuwa chini kabisa, bila kusubiri ipande, kwa sababu siku ya kulipa ada haisubiri bei ya vitunguu. Nataka mlikumbuke hilo, nitalirudia.

Chuo chenyewe sitakitaja jina. Siyo kwa woga. Walimu wangu walikuwa watu wema na wengine bado tunapigiana simu. Shida haikuwa mwalimu, na nikikitaja chuo mtadhani ni shida ya chuo kimoja.

Siku ya kwanza tuliingia darasani watu thelathini na wawili. Wasichana tulikuwa sita. Mezani kulikuwa na kompyuta kumi na moja, na zilizokuwa zinawaka ni tano. Mwalimu akatugawia karatasi, kila mtu moja, imechorwa kibodi. Akasema weka vidole hapa, kidole hiki kwenye A, hiki kwenye S. Tukaanza kupiga kibodi ya karatasi. Kimya kabisa, watu thelathini na wawili wanagonga karatasi. Mimi ile karatasi ninayo mpaka leo. Hii hapa. (Anaonesha.) Imechakaa kwenye herufi A, maana jina la mama yangu lina A tatu, na kila siku nilikuwa naliandika.

Sasa kuhusu lugha. Masomo kwa Kiingereza, notisi kwa Kiingereza, mtihani kwa Kiingereza, na mwalimu akitaka tuelewe anaelezea kwa Kiswahili, halafu anatuambia hii msiiandike. Tukafika kwenye RAM. Nikakariri kwamba RAM ni kitu fulani ndani ya kompyuta. Jioni nikafungua kamusi ili nielewe vizuri. Nikakuta "ram" ni kondoo dume. (Kicheko.) Jamani, nililala nawaza kondoo anaingiaje kwenye kompyuta! Leo mteja akija namwambia hivi: RAM ni meza ya kufanyia kazi, na diski ni kabati. Meza ikiwa ndogo, kazi inakwama hata kama kabati ni kubwa. Dakika moja ameelewa. Mimi ilinichukua muhula mzima.

Na msidhani Kiswahili hakiwezi. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, inaitwa Jambo OpenOffice, ya bure kabisa, waliyoitengeneza kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden. Miaka ishirini sasa. Menyu zote Kiswahili: faili, hariri, hifadhi. Mimi nimesoma kozi nzima ya kompyuta ndani ya Tanzania na hakuna aliyewahi kuitaja. Nimekuja kuijua nikiwa steshenari, natafuta kitu kingine.

Mtihani wa mwisho wa vitendo, umeme ukakatika. Tukasubiri saa mbili, haukurudi. Msimamizi akasema tufanye kwa maandishi: taja hatua za kufungua folda, taja hatua za kuhifadhi faili. Nikazitaja. Nikapata A. Makamanda, mimi nina A ya kuogelea ambayo sikuingia mtoni.

Mtasema mbona anacheka tu. Sasa nawapeleka pasipochekesha.

Nilipomaliza nikapata kibarua kwenye steshenari ya mtu. Mwezi wa kwanza tu, jioni, akaja kijana mmoja na baba yake. Kijana amemaliza chuo, kuna nafasi ya kazi serikalini, maombi yanapita kwenye mfumo wa ajira, na mwisho ni saa sita usiku siku hiyo hiyo. Vyeti vyote anavyo, vimegongwa muhuri wa mwanasheria. Nikaviskani, nikapakia. Mfumo ukakataa: faili limezidi ukubwa. Nikajaribu tena. Limezidi ukubwa. Mimi mwenye A sikujua namna ya kupunguza ukubwa wa faili. Hatukufundishwa, na kompyuta ya kujifunzia mwenyewe sikuwa nayo. Nikazunguka mpaka saa nne usiku. Baba yake amekaa kwenye benchi hasemi kitu. Saa tano na nusu bando likaisha. Saa sita dirisha likafungwa.

Kupunguza lile faili, leo nikikuonesha, ni dakika moja. Sisemi angeipata ile kazi, walioomba walikuwa wengi. Ninachosema ni kwamba jina lake halikufika hata mezani. Yule kijana leo anaendesha bodaboda na yumo humu ndani. Nimemwomba ruhusa kabla ya kusimulia, akaniambia simulia tu dada, labda itamsaidia mwingine.

Kwa hiyo mtu akiniambia kusoma kompyuta chuo cha wilayani ni mapambo, ni kitu cha watu wa mjini, namwonesha lile benchi.

Tuangalieni jambo moja. Zamani ukiwa na shida na serikali unaenda dirishani. Kuna foleni, kuna njoo kesho, lakini mtu unamwona. Sasa hivi dirisha limehamia ndani ya kompyuta. Ajira serikalini ni mfumo. Zabuni za serikali ni mfumo, ule wa NeST ulioanza 2023. Mkopo wa halmashauri ni mfumo. Hata treni mpya ya umeme, iliyoanza kupita Kilosa kwenda Dodoma mwaka huu, tiketi yake unaweza kuikata kwa simu. Sipingi mifumo. Mfumo ukiwa mzuri unapunguza rushwa, maana kompyuta haiombi soda. Lakini ukihamisha dirisha halafu usiwafundishe watu njia ya kulifikia, umewafungia nje bila kufunga mlango.

Chukueni ile asilimia kumi. Sheria inasema halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023, mwaka huu wa fedha imerudi. Hiyo siyo hisani ya mtu, ni ushuru wa vitunguu vya mama yangu na mahindi ya mama yako. Na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inataka asilimia 30 ya manunuzi itengwe kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Hivi humu ndani, nani ana kikundi kilichosajiliwa kwenye NeST? Nyoosha mkono. (Kimya.) Mmeona. Haki imeandikwa, mlango upo, ila kitasa kiko ndani ya kompyuta.

Turudi nyuma kidogo, maana wazee wapo na watanisahihisha.

Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali. Ndiyo, kompyuta na televisheni pia. Walikuwa na sababu zao: fedha za kigeni zilikuwa haba, na kompyuta za kwanza serikalini ziliwaletea hasara na vurugu za mahesabu. Lakini mwaka uliofuata, 1975, serikali hiyo hiyo ilianzisha kitu kizuri sana: vyuo vya maendeleo ya wananchi. Mwalimu Nyerere na wenzake walichukua wazo kutoka Sweden, ambako wakulima walikuwa na vyuo vyao tangu karne ya 19. Chuo cha mtu mzima, cha kijijini, hakikuulizi daraja lako la mtihani, unajifunza kwa lugha yako, unarudi kijijini na ujuzi. Leo viko 54 nchi nzima.

Wazo lile bado liko hai. Wakati msichana akipata mimba alikuwa haruhusiwi kurudi shule, kabla ya waraka wa Novemba 2021, ni vyuo hivi vilivyowafungulia wengi mlango wakasoma na watoto wao. Rafiki yangu mmoja aliachishwa kidato cha tatu, akapita huko, leo ana cherehani tatu na wanafunzi wawili. Kwa hiyo sitasema vyuo hivi havina maana. Nasema vina maana kubwa kuliko bajeti inayopelekwa.

Leo hakuna aliyepiga marufuku kompyuta. Bei imefanya kazi ya ile marufuku. Kompyuta mpakato, hata iliyotumika, ni magunia mangapi ya vitunguu? Kijana wa Malolo au wa Kimamba hana namna ya kuishika isipokuwa chuoni. Na chuoni anaikuta kwenye karatasi.

Tunaambiwa VETA kila wilaya. Sisi hapa Mikumi tunayo VETA siku nyingi, na ni bahati ambayo wilaya nyingi hawakuwa nayo. Majengo nayapenda. Ila jengo siyo mafunzo. Kiongozi akikata utepe, swali letu lisiwe lina madarasa mangapi. Liwe: kompyuta ngapi zinawaka? Wanafunzi wangapi kwa kila moja? Umeme ukikatika kuna nini? Intaneti ipo, au mwalimu anatumia bando la simu yake?

Na niwakumbushe kitu cha mwezi uliopita. Tarehe 12 Agosti ni Siku ya Vijana Duniani. Mwaka huu Umoja wa Mataifa uliichagulia kaulimbiu ya vijana na teknolojia ya kidijitali. Sisi vijana wa chama tulikuwa tunakwenda Mbeya kuiadhimisha. Magari yamepita hapa hapa kwenye hii barabara, kuna mliowapungia mikono. Mnajua kilichotokea: polisi walipiga marufuku mkutano, mamia ya wenzetu wakakamatwa. Kwa hiyo siku ambayo dunia inazungumzia vijana na kompyuta, vijana wetu walikuwa mahabusu na simu zao ziko kaunta. Sina la kuongeza hapo.

Sasa tunadai nini? Maana tukiishia kulalamika tu tutakuwa kama redio. Nina mambo manne.

La kwanza, kila chuo cha umma kinachofundisha TEHAMA kibandike kwenye ubao wa matangazo idadi ya kompyuta zinazofanya kazi na idadi ya wanafunzi. Mzazi aone kabla hajauza vitunguu.

La pili, kozi za mwanzo zifundishwe na kutahiniwa kwa Kiswahili. Kiingereza kifundishwe kama somo, tena vizuri, kwa sababu kinahitajika. Lakini mtu asifeli kompyuta kwa sababu ya kondoo dume.

La tatu, mtaala ufuate maisha. Wiki mbili za kwanza mwanafunzi ajue kuskani, kupunguza faili, kufungua barua pepe, kujaza fomu ya mtandaoni, kulinda nywila yake. Baada ya hapo mfundishe historia ya kompyuta mpaka uchoke.

La nne, vyuo vifunguliwe jioni na Jumamosi kwa watu wa mtaani. Mama wa mgahawa, dereva wa bodaboda, mwenyekiti wa kitongoji. Chuo cha wananchi kiwe cha wananchi kweli.

Haya hayahitaji kusubiri tushike dola. Diwani yeyote anaweza kuyauliza kwenye baraza. Mwananchi yeyote anaweza kuyauliza kwenye mkutano wa kijiji, na mkutano huo kisheria unatakiwa kila miezi mitatu. Mwenyekiti asipouitisha, hilo nalo ni swali.

Sasa na sisi tujiseme. Nikisema wenzetu tu mtanipigia makofi, lakini hatutakuwa tumefanya kazi.

Sisi vijana wa upinzani tunajiona tuko vizuri sana mtandaoni. Makundi ya WhatsApp tunayo, matusi tunayajua, sauti za dakika saba tunatuma. Lakini mwaka 2019, uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wetu wengi walienguliwa kwa madai kwamba wamekosea kujaza fomu. Tukasema tumeonewa. Sawa. Halafu tukaulizwa nakala ziko wapi. Humu ndani kuna mtu alikuwa na nakala ya fomu yake? Mmoja. Mmoja tu, na alikuwa ameikunja kwenye Biblia.

Simu zilikuwa mifukoni, jamani! Kamera tunayo, tunapiga picha chipsi.

Tarehe 11 hadi 20 Oktoba ni uandikishaji wa wapiga kura wa serikali za mitaa. Tarehe 27 Novemba ni kura. Kwa hiyo kazi ya nyumbani ni hii. Kila mgombea, kila fomu, kabla haijatoka mkononi, ipigwe picha kurasa zote, kwenye mwanga, herufi zisomeke. Ikipokelewa, ipigwe tena ikiwa na muhuri na sahihi. Picha zitumwe sehemu mbili, siyo kwenye kundi la watu mia mbili, kwa watu wawili wanaoaminika. Kila kitongoji kiwe na orodha yake kwenye Excel: jina, tarehe, nani kapokea, saa ngapi. Hiyo ndiyo TEHAMA. Haihitaji digrii. Na orodha hiyo haizuii mtu kuonewa, nisiwadanganye. Inazuia aliyekuonea asikuambie kwamba haikutokea.

Na tukishinda kitongoji au kijiji, tusije tukawa wale wale. Ripoti za CAG zimerudia kueleza fedha za halmashauri zilizokusanywa kwa mashine za POS zisifike benki. Mashine ipo, mfumo upo, na hela imepotea. Kwa hiyo kompyuta peke yake haimfanyi mtu kuwa mwaminifu. Inahitaji mwananchi anayejua kusoma kilichoandikwa ndani yake. Mwenyekiti wetu akisoma mapato na matumizi, awepo kijana wa kuyajumlisha pale pale na kusema, mwenyekiti, hii jumla siyo.

Naona katibu anaangalia saa. Namalizia.

Mwanzoni niliwaambia mkumbuke vitunguu vya mama. Miezi mitatu baada ya mama kuuza, bei ilipanda karibu mara mbili. Hajawahi kunilaumu. Ila siku moja alikuja steshenari, akakaa akaniangalia nafanya kazi, akaniuliza, "Hivi, mwanangu, haya yote walikufundisha kule?" Nikamwambia ndiyo mama. Nilimdanganya. Mengi nilijifundisha mwenyewe usiku, kwenye kompyuta mbovu ambazo wateja walizitelekeza dukani, kwa sababu lile benchi halikunitoka kichwani. Sikuweza kumwambia kwamba alilipia karatasi.

Sitaki mama mwingine wa Kilosa adanganywe hivyo na mtoto wake.

Kwa hiyo mimi naanza na nilichonacho. Pale dukani nina kompyuta tatu, mbili zilikuwa zimekufa nikazifufua. Kuanzia Jumamosi hii, saa mbili asubuhi mpaka saa nne kabla wateja hawajawa wengi, nafundisha bure. Nafasi ni sita, wawili kwa kila kompyuta, wiki mbili mbili, halafu wanaingia sita wengine. Sitauliza kadi ya chama. Hata mtoto wa mwenyekiti wa wale jamaa aje, naye anahitaji kujua kupunguza faili. Nafasi ya kwanza nimeshaitoa, amechukua yule dereva wa bodaboda. Zimebaki tano.

Njoo na flashi na daftari. Kibodi ya karatasi niachieni mimi, naiweka ukutani.